Upanga wa feleji kutoka Kwihara: wa kale kweli au nakala?

KwiharaJr
Wakuu, salaam. Kuna upanga unauzwa hapa Tabora, upande wa Kwihara. Mwenye nao anasema ni wa miaka ya 1870 na kwamba ulikuwa wa Tippu Tip mwenyewe. Bei yake milioni moja na nusu.

Vipimo nilivyochukua: bapa limenyooka, lina makali pande mbili, urefu sm 84, upana mm 36. Unene sehemu tatu: mm 4.2, 4.1 na 3.9. Ncha ni ya mviringo. Uzito wote gramu 800 kwa mizani ya jikoni. Ukiulaza juu ya kidole unatulia sm 16 kutoka kwenye noleo, ile pete ya mpini pale bapa linapoingia. Hauna kinga ya mkono kabisa. Mpini ni wa duara, umezungushiwa ngozi na waya mweupe, na kichwani una tundu dogo. Sumaku inanasa bapa ila mpini hainasi, hivyo naamini mpini ni fedha. Karibu na noleo kuna alama ya nusu mwezi mbili zilizopeana mgongo. Kutu ya kahawia imeenea bapa lote. Ala ni mbao iliyovikwa ngozi nyeusi.

Ni halisi au nakala?

Fundi Tupa
Nakala. Soma unene wako mwenyewe: 4.2, 4.1, 3.9. Upanga uliofuliwa kwa nyundo hukonda kuelekea nchani, kwa sababu mhunzi huuvuta chuma uwe mwepesi mbele na uwe na nguvu mkononi. Panga za aina hii huanza mm 4 au 5 kwenye noleo na kuishia chini ya mm 2 karibu na ncha. Wa kwako haukukonda. Hiyo ni fletibaa, chuma bapa cha kiwandani, ya mm 4 iliyochongwa kwa grenda.

Hakikisha hivi: simama mlangoni asubuhi jua likiwa chini, shika bapa likuelekee jicho kama unayelenga bunduki, kisha ligeuze polepole. Chuma kilichofuliwa kina mawimbi madogo, mwanga unapita juu yake kwa kuvunjikavunjika. Cha grenda kina mistari myembamba iliyopinda upande mmoja, yote ikilingana umbali. Msasa huifuta katikati, lakini karibu na noleo mistari hubaki, kwa sababu diski haifiki vizuri pale.

BintiUjiji
Kabla hatujafika mbali tuweke majina sawa. Huo ni upanga wa feleji: mrefu, umenyooka, makali pande mbili, ndio waliokuwa wakibeba Waarabu wa pwani na wa njia ya misafara. Kitara ni uliopinda. Upanga wa imani ni mfupi, na mpini wake una msalaba. Kinachochanganya watu ni kwamba wakusanyaji wa silaha za kale huu ulionyooka wa Oman wanauita kattara, jina linalofanana na kitara chetu. Muuzaji akikwambia "kitara" huku ameshika ulionyooka, usimhukumu kwa hilo.

Kuhusu Tippu Tip: huyo alifariki Zanzibar mwaka 1905. Hapa Ujiji na huko kwenu Tabora kila kipande cha chuma kina jina lake, na ndugu zangu wa Tabora mmetuzidi kwa hilo! Jina halikai kwenye chuma. Ama kuna karatasi, au picha ya zamani, au maandishi kwenye upanga, au hakuna. Litoe jina hilo kwenye bei kwanza, ndipo mjadili chuma.

Sonara wa Mwanga
@KwiharaJr sumaku haithibitishi fedha. Shaba ya njano nayo hainaswi, alumini hainaswi, na ile shaba iliyochanganywa nikeli ikawa nyeupe hainaswi. Sumaku inakwambia kitu kimoja tu: si chuma.

Fanya hivi. Sugua mpini kwenye jiwe la sonara mahali pasipoonekana, hapo kwenye tundu la kichwani panafaa, kisha weka tone moja la asidi ya kupimia fedha kwenye mstari ulioachwa. Mstari ukiwa mwekundu kama damu, ni fedha nzuri. Usidondoshe asidi juu ya mpini wenyewe.

Halafu usitarajie fedha ya 925 kwa elfu. Mafundi wa Oman na Zanzibar waliyeyusha riale za Maria Theresa, zile sarafu zenye mwaka 1780 hata zikiwa zimepigwa karne iliyofuata. Riale moja ni gramu 28, na fedha yake ni 833 kwa elfu. Ukikuta mpini umepigwa muhuri wa "925", huo ni wa soko la leo, hata kama kazi yake ni nzuri.

Angalia pia kama nakshi imechongwa au imemiminwa. Kwa lenzi, nakshi ya kuchonga ina kingo kali, na mwisho wa kila mkato kuna kidole kidogo cha fedha kilichosukumwa na patasi. Ya kumimina kingo zake zimelala kama sabuni iliyotumika, kuna vitundu kama vya sindano, na pembeni kuna mshono ulioachwa na kalibu.

Mzee wa Isevya
Nusu mwezi zimewapoteza wengi. Alama hiyo ilianzia kwa wahunzi wa kaskazini mwa Italia, ikaigwa Solingen huko Ujerumani, kisha wahunzi wa Sudan na wa Sahara wakaipiga kwa patasi zao kwenye mapanga yao. Alama ya mbwa mwitu anayekimbia nayo ni hivyohivyo: mnyama huyo alikuwa wa wahunzi wa mji wa Passau, Solingen wakamchukua, na hatimaye akawa mistari mitano isiyofanana na mnyama yeyote. Waajemi nao wana jina la mhunzi Asad Allah wa Isfahan, limeandikwa kwenye mapanga mengi kuliko mtu mmoja angeweza kufua katika maisha yake yote.

Kwa hiyo alama ya kuiga haina maana kwamba upanga ni wa kuiga. Upanga uliofuliwa 1850 na kupigwa alama ya uongo mwaka huohuo ni wa kale, na uongo wake ni wa kale pia. Wewe tazama alama ilivyoingia. Iliyopigwa kwa patasi chuma kikiwa cha moto ina kingo zilizovimba kidogo, na kina chake kinapandashuka. Iliyochomwa kwa asidi ina sakafu bapa yenye chengachenga na kina kilekile kila mahali. Ya leza ina kingo nyeusi zilizonyooka kupita mkono wa binadamu.

Reli ya Kati
Tabora mnauziwa "panga za Wajerumani" kila siku, na nyingi ni singe, visu vya kuchomeka kwenye mtutu wa bunduki. Yenye mpini wa shaba na bapa la sm 47 ni singe ya Mauser 1871, ndiyo waliyokuwa nayo askari wengi wa jeshi la Wajerumani hapa. Yenye bapa pana kuelekea ncha, urefu sm 37, ni ya mfano wa 98/05. Upanga hauna tundu wala mfereji wa kushikia mtutu. Singe inao, na mara nyingi ina kitufe cha kubonyeza kwenye mpini.

Mgongoni mwa bapa, karibu na mpini, tafuta taji, herufi ya mfalme na tarakimu mbili za mwaka. W na 15 maana yake ilipokelewa na serikali mwaka 1915. Meno ya msumeno mgongoni huongeza bei, kwa hiyo watu huyachonga upya kwenye singe ya kawaida. Meno halisi yako safu mbili na yamevaa rangi ileile ya bapa. Yaliyochongwa juzi yanang'aa kwenye mabonde.

Gungu Digital
@Reli ya Kati umenikumbusha, na ile sarafu ya dhahabu yenye tembo ina nakala?

Reli ya Kati
Zipo tele. Ile ni rupia 15, ilipigwa kwenye karakana ya reli hapa Tabora mwaka 1916, kabla Wabelgiji hawajaingia mjini mwezi wa tisa mwaka huohuo. Ina herufi T, uzito wake ni gramu 7 na kidogo, dhahabu 750 kwa elfu. Nakala za shaba iliyopakwa dhahabu hazifiki uzito huo kwa ukubwa uleule. Fungua uzi wake, tusimharibie mleta mada.

Hesabu za Chuma
Vipimo vya mleta mada havikubaliani, na hakuna aliyevipiga hesabu.

Chuma kina gramu 7.85 kwa kila sentimita ya ujazo. Bapa lenye makali pande mbili ukilikata linafanana na punje ya dengu, kwa hiyo eneo lake ni kama theluthi mbili ya upana mara unene. Chukua 84 × 3.6 × 0.4, kisha theluthi mbili yake: unapata kama sentimita za ujazo 80.6, yaani gramu 633. Ongeza msuka, ulimi wa bapa unaoingia ndani ya mpini, tuseme sm 13 × 2 × 0.4, nao ni gramu 80 hivi. Jumla 713. Uzito wote ni 800. Zimebaki gramu 87 za mbao, ngozi, waya, noleo na kichwa cha mpini. Haiwezekani kama hiyo ni fedha.

Pili, upanga wenye bapa lisilokonda la gramu 633 ungetulia juu ya kidole kama sm 30 kutoka kwenye noleo. Wewe umesema 16. Upanga wako mbele ni mwepesi kuliko unene uliouandika. Pima upya. Na uliweka vernia, kile kifaa cha kupimia unene, sehemu zipi?

Gungu Digital
Je, hesabu hiyo inaweza kutuambia kama msuka ni mpana au ni nondo iliyochomelewa?

Hesabu za Chuma
Hapana. Nondo ya mm 8 yenye urefu wa sm 13 ni gramu 51, msuka mpana ni gramu 80. Tofauti ya gramu 29 inamezwa na mbao. Hilo linaonekana kwa macho tu.

KwiharaJr
Ahsante @Hesabu za Chuma, kosa ni langu. Nilipima karibu na mpini tu: sm 2, sm 12 na sm 22. Leo nimepima bapa zima kwa vernia ya chuma. Kwenye noleo 4.2, katikati (sm 42) ni 3.0, na sm 80 ni 1.7. Upana nao unapungua: 36, 32, kisha 26. Uzito ni uleule, na pa kutulia ni palepale 16.

Asidi ya sonara imetoa mstari mwekundu kwenye kichwa cha mpini. Kwenye waya haikuwa nyekundu.

Hesabu za Chuma
Sasa inakaa. Bapa linakuwa kama gramu 425, msuka 80, mpini unabaki na 295 hivi. Pa kutulia kwa hesabu ni sm 15. Wewe umepata 16. Vipimo vyako sasa ni vya upanga mmoja.

Fundi Tupa
Basi narudisha neno langu la fletibaa. Chuma hicho kimevutwa, na si kazi ya grenda ya haraka. Mtu wa nakala ya bei rahisi hapotezi saa sita kukondesha bapa.

Lakini hapo sijafika 1870. Chuma cha springi ya gari nacho kinafulika na kukonda vizuri. Mhunzi yeyote wa Kasulu au wa hapa Tabora anaweza kukuvutia springi ya mm 7 hadi 2. Tafuta alama ya tundu la boliti la katikati ya springi: wahunzi hulikwepa, au hulijaza na kulifua juu yake, likabaki doa la duara lenye kutu ya rangi tofauti. Upana wa springi nyingi ni mm 60 na zaidi, kwa hiyo nafasi ya kulikwepa ipo.

BintiUjiji
Na kuna njia ya tatu ambayo hakuna aliyeitaja. Oman wana razha, ngoma ya panga. Mchezaji hutikisa mkono, bapa likatetemeka hadi likalia, hurushwa juu na kudakwa. Panga za ngoma hiyo zimeendelea kutengenezwa karne yote ya 20: bapa jembamba linalopindika, ncha ya mviringo, mpini bila kinga. Hizo si nakala za kumdanganya mtu, ni panga za kazi yake. Mm 1.7 nchani inaelekea huko. Ukiulizwa "ni halisi?", kwanza uliza halisi wa nini: wa vita vya 1870, au wa harusi ya 1950?

Mzee wa Isevya
Umenena, dada. Ila hata panga za vita za aina hii zilikuwa zinapindika. Zilitumika pamoja na ngao ndogo ya ngozi iliyoshikwa mkono wa kushoto, kinga ndiyo hiyo, ndiyo maana mpini hauna kinga. Kupindika peke yake hakutoshi kuutenga wa ngoma na wa vita. Makali ndiyo yanayotenga. Wa ngoma mara nyingi hayakunolewa kamwe, ukingo una nusu milimita bapa toka mwanzo. Wa kazi ulinolewa mara nyingi hadi upana ukapungua katikati, na ukipitisha kucha taratibu unakutana na mapengo madogo yaliyonolewa yakabaki kama mabonde.

Gungu Digital
Hiyo kutu si angeisugua kwa limau na majivu tuone chuma vizuri?

Sonara wa Mwanga
Usithubutu! Ukisugua umefuta ushahidi wote na nusu ya thamani.

Kutu yenyewe inasema. Ya zamani ni nyeusi au kahawia iliyoiva, imeshikamana, ukipitisha kitambaa chenye mafuta ya cherehani hakitoki na rangi ya chungwa. Na haienei sawasawa: hukaa zaidi pale ala inaposhika unyevu, karibu na mdomo wa ala na kwenye ncha, na huacha mashimo yenye vina tofauti. Ya kutengenezwa kwa siki na chumvi, asidi ya betri au kuzika shambani miezi mitatu ni ya chungwa, ni unga, na imeenea kila mahali, hata chini ya noleo ambako hewa haikuwahi kufika. @KwiharaJr ulisema imeenea bapa lote. Hilo ndilo linalonitia shaka kuliko alama ya mwezi.

Ukitaka kuona chuma, safisha kipande cha sm 1 tu, karibu na mpini, kwa mafuta na kijiti cha mianzi. Basi.

Mtaa wa Cheyo
Vitu vinavyokata mzizi wa fitina haraka: skrubu ya msalaba ni ya baada ya 1936. Kromu inayong'aa kama bampa ni ya miaka ya 1920 na kuendelea. Chuma kisichoshika kutu kilianza Sheffield mwaka 1913. Neno "INDIA" au "SPAIN" kwenye bapa ni alama ya bidhaa za kuuzwa nje, sheria ya Marekani ilianza kulazimisha jina la nchi mwaka 1891. Na nati kwenye kichwa cha mpini yenye hesi za kiwandani ikague sana, ingawa panga za maofisa wa Ulaya nazo zilikuwa na nati, hivyo nati peke yake isikuogopeshe.

Mwanasheria Mtaani
Kabla hujatoa pesa: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu kitu kilichotengenezwa kabla ya 1863 kuwa kumbukumbu inayolindwa. Kukiuza au kukitoa nje kunataka kibali. Muuzaji akisema "1870" anakuwa upande wa pili wa mstari, akisema "1850" anajiingiza. Na kama mpini ungekuwa wa pembe ya ndovu au ya kifaru, Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inataka hati ya kumiliki. Uliza sasa, si baadaye kituoni.

KwiharaJr
Nimerudi na mambo matatu.

Moja, kitambaa chenye mafuta: karibu na noleo kimetoka safi, kwenye theluthi ya mbele kimetoka na chungwa.

Mbili, makali: upande mmoja una mabonde mawili madogo, sm 50 na sm 57. Upande wa pili hauna.

Tatu, noleo lilikuwa limelegea, nimelisogeza mbele mm 15 bila kulazimisha. Chini yake kuna gundi ya njano inayong'aa kama kioo. Na msuka ni mpana, haukuchomelewa. Una tundu, nusu yake imefunikwa na mbao za mpini, na halina ribiti ya kushikia mpini.

Sonara wa Mwanga
Gundi hiyo ya kioo ni ya kuchanganya mirija miwili, ni ya baada ya vita vya pili. Zamani walijaza utomvu uliochanganywa na vumbi la tofali: wa kahawia, unavunjika kama biskuti. Mpini umefunguliwa na kufungwa tena, na waya usio fedha uliwekwa siku hiyo. Kwangu mimi: kichwa cha zamani, kazi mpya, na kutu ya mbele imeongezwa.

Mzee wa Isevya
Kwangu tundu ndilo neno. Mbao hazina tundu la kulipokea, maana yake bapa lilikuwa na mpini mwingine kabla ya huu. Kubadili mpini lilikuwa jambo la kawaida, bapa zuri lilipita mikono mitatu. Kutu ya chungwa mbele inaweza kuwa ni masika mawili tu ndani ya ala mbovu.

Fundi Tupa
Au mhunzi alitoboa pasipo, akatoboa tena mbele zaidi. Hutokea hata leo, msuka ukivutwa kupita kipimo. @KwiharaJr tazama tundu kwa lenzi: limechimbwa kwa drili au limetobolewa kwa patasi kwenye moto? La drili ni duara safi na ndani lina mikwaruzo ya kuzunguka. La moto upande mmoja ni pana kuliko mwingine na kingo zimevimba.

KwiharaJr
Kingo zimevimba upande mmoja. Ndani kuna kutu nyeusi, haitoki kwa kitambaa. Mikwaruzo ya kuzunguka siioni.

Fundi Tupa
La moto basi. Lakini wahunzi wa springi nao hutoboa kwa moto.

BintiUjiji
Na wa panga za ngoma pia. Mwambie muuzaji akupe picha ya msuka wote. Akikubali kufungua mpini, uwepo mwenyewe: apashe noleo kwa maji ya moto hadi gundi ilainike, avute kwa mkono, asigonge kichwa kwa nyundo. Na laki tatu iwe ndiyo bei ya kuanzia, bila Tippu Tip ndani yake.

KwiharaJr
Amekubali kufungua Jumamosi. Nitapima msuka urefu, upana na unene sehemu nne, na kupiga picha ya kila tundu pande zote mbili.